Nilimpa kaka yangu figo, sasa anataka kwenda kushindana mbio Ubelgiji. Waliotuchangia matibabu niwaendeeje tena?

FundiCherahani_Wete

Assalaam alaykum nyote. Maelezo yangu marefu kidogo, naomba mnivumilie.

Kaka yangu aliharibikiwa figo zote mbili kwa presha. Hakuwa akijua kama anayo. Kijana wa kupanda mikarafuu, jioni yuko uwanjani anapiga mpira, nani angemdhania presha? Tulipokuja kushtuka miguu imeshavimba, chakula hakipiti, na spitali wakatwambia figo ndiyo zimekwisha. Akahamia Unguja kwa shangazi yetu kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, kila mara amelazwa pale kiasi cha saa nne. Mwisho tukapimwa ndugu wote, nikaonekana mie ndiye ninayefaa zaidi. Nikampa moja. Tulifanyiwa Dar es Salaam, na Alhamdulillah sote wawili wazima. Mie nimerudi kwenye cherahani yangu, yeye ana kiduka cha vifaa vya simu hapa hapa Wete.

Daktari alimkataza mambo mawili akamsisitizia: mkarafuu asipande tena, na mpira asicheze. Figo aliyowekewa haikukaa nyuma kama zilivyo za kwetu. Imewekwa kwa mbele, chini ya tumbo upande wa kulia, hata ukigusa unaihisi. Beki mmoja akimpiga goti pahala pale, khatari. Lakini alimwambia atembee sana, na akipata nguvu akimbie, kwa sababu vile vidonge vya kuzuia mwili usiikatae figo vinaongeza uzito, vinaweza kuleta sukari, na kimoja wapo, prednisoloni, kinakula mifupa. Tena akamwambia kitu ambacho sijakisahau: wengi waliopandikizwa figo huja kufa kwa maradhi ya moyo hali ya kuwa figo inafanya kazi vizuri tu.

Basi kaka akaanza. Akitoka msikitini alfajiri anashika njia ya Gando. Mwanzoni anakwenda pole pole, watu wanamwonea huruma. Sasa wachuuzi wa samaki wenye baiskeli wanashindana naye, na kwenye vilima anawaacha.

Kumbe kuna mashindano ya dunia ya watu waliopandikizwa viungo, figo, ini, moyo, mapafu, hata uboho wa mifupa. Aliyeyaanzisha ni daktari mpasuaji wa Uingereza, Maurice Slapak, pale Portsmouth mwaka 1978, na siku hizi kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Afrika yalifika Durban 2013. Mwaka 2025 yalikuwa Dresden, Ujerumani, na ya 2027 ni Leuven, Ubelgiji. Kuna kuogelea, baiskeli, tenisi ya meza, vishale, michezo chungu nzima, na kila mtu anashindana na wa rika lake. Kaka anazitaka mbio za barabarani za kilomita tano. Alipoyaona kwenye simu alikuja mbio kunionesha, na nilikuwa sijamwona na uso ule tangu kabla hajaugua.

Kwa hesabu yangu tiketi, viza, bima, ada ya kujiandikisha, pa kulala na kula havipungui milioni nane. Mie sina na yeye hana.

Sasa lililonileta hapa. Tulipokuwa tukitafuta pesa za matibabu, watu walitoka kwelikweli. Ninalo daftari lenye majina yote. Kuna bibi mmoja wa Mtambwe alileta pishi mbili za karafuu mbichi, akasema mwanangu sina chengine. Watoto wa chuoni walichanga mia mia. Wavuvi pale bandarini walitoa fungu la samaki likanadiwa. Watu hawa walitoa kwa kuwa mtu alikuwa anakufa. Leo niende niwaambie nini? Kwamba mgonjwa wenu kapona, sasa anataka kwenda Ulaya kukimbia? Mama anasema hiyo ni aibu, tusithubutu. Kaka mwenyewe ameshanyamaza, ananambia tuache, dada.

Ninayekataa kuacha ni mimi, na sababu ninayo. Tangu tufanyiwe, kuna watu wanasema niliuza figo. Kuna wanaosema nitakufa kabla yake, au sitazaa. Wapo wanaokuja dukani wakijidai wanataka kushonewa, kumbe wanataka kuona kama ninatembea sawasawa. Na hapa jirani yuko kijana anasafishwa damu, ndugu zake wapo wanne, wote wazima, hakuna hata mmoja aliyekubali kwenda kupimwa. Si kwamba hawampendi. Wanaogopa, na hawajamwona mtu. Nataka wamwone kaka yangu akikimbia na jezi ya nchi, na wanione mie nimesimama pembeni.

Kwa hiyo nauliza: niwaendee watu wale wale au nitafute wengine? Nianzie wapi? Na kama kuna aliyewahi kusafiri na figo ya kupandikizwa, anambie ya kujihadhari nayo.

Mkaazi_Chake

Waalaykum salaam. Dada yangu, kwanza Mwenyezi Mungu akulipe, ulilolifanya si dogo. Lakini umeuliza, na mie nitakujibu nilivyo.

Milioni nane ni pesa nyingi kwa mbio za kilomita tano. Wewe mwenyewe unajua mtu anayesafishwa damu anavyoteseka. Mwenye kutoka kisiwani huku anatakiwa apate nauli ya boti, pa kukaa, dawa, chakula maalumu, na mara nyingi kazi ameshaiacha. Mtoto wa ami yangu alikuwa hivyo, na mara nyengine alikosa zamu yake kwa kukosa nauli tu. Ningekuwa mie mwenye kuchangishwa, ningesema pesa hizo ziende kwa kijana huyo jirani yako.

Sikatazi kaka yako akimbie. Njia ya Gando ipo, haina kiingilio. Ila kuchangisha umma kwa ajili ya safari ya Ulaya, hapo roho yangu haikubali. Usinichukie.

FigoYaMama

Nimesoma mpaka machozi yamenitoka. Mie ni wa Unguja, figo yangu nilipewa na mama yangu mzazi, kwa hiyo haya unayoyasema nayajua kwa mwili wangu.

Kwa nililojifunza wakati wetu, lile daftari ndilo mtaji wako, lakini usilifungue kwa kuomba. Liendee kwa kutoa taarifa. Chukua kaka yako mkono kwa mkono, mwende kwa yule bibi wa Mtambwe, kwa wavuvi, chuoni kwa wale watoto. Mwambieni: figo inafanya kazi, kriatinini yake, kile kipimo cha damu cha figo, imesimama vizuri, anakimbia, ahsanteni. Mnywe chai muondoke. Safari msiitaje. Sisi tulikuwa tukichangisha, tukipata tunatokomea spitali, na aliyetoa haji kujua mgonjwa alipona au la mpaka akutane naye sokoni Darajani kwa bahati. Watu wanachoka kwa hilo kuliko kwa kutoa. Habari ya Ubelgiji itakuja wenyewe wakiuliza, na watauliza.

Pesa kubwa tafuteni kwa wengine: wenye mahoteli, maduka makubwa, Wapemba walioko nje, waajiri. Muandike barua ya ukurasa mmoja, picha yake akikimbia, barua ya daktari kuthibitisha kwamba anaruhusiwa, na hesabu iliyochanganuliwa kila kitu mbali mbali. Mtu akiona "viza kiasi hiki, tiketi kiasi hiki" anaweza kusema bima hiyo nalipa mie.

Kuhusu safari. Vidonge vyote aviweke kwenye mkoba wa mkononi, asivitie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege hata siku moja. Achukue vya ziada, na barua ya daktari yenye majina ya dawa. Takrolimasi, kile kidonge cha kuzuia mwili usiikatae figo, ni kila baada ya saa 12, na bahati nzuri kiangazi cha Ubelgiji kinapishana na sisi saa moja tu, kwa hiyo anayemeza saa moja asubuhi Wete atameza saa kumi na mbili asubuhi kule. Akiumwa misuli baada ya mazoezi asikubali kupewa diklofenaki wala ibuprofeni, hizo zinaumiza figo. Maji anywe njia nzima. Na balungi asiguse, nasema kwa kuwa nawajua nyinyi Pemba, linapandisha dawa kwenye damu kupita kiasi. Akikaribishwa na yeyote, aseme hapana.

Jengine ambalo watu wengi hawalijui: sisi hatuchomwi chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu ile ni chanjo hai na kinga yetu imeshushwa kwa dawa. Akirudi kwa kupitia Nairobi au Addis Ababa, na akakaa hapo muda mrefu, anaweza kuulizwa kitabu cha manjano. Daktari amwandikie humo humo kwamba amesamehewa kwa sababu za kiafya, kwa mhuri. Alifanye mapema, si wiki ya safari.

Na wewe dada hujasema jambo moja. Kwenye mashindano haya miaka ya karibuni hata waliotoa kiungo wakiwa hai wanapewa nafasi ya kushindana. Unakimbia?

Ustadh_Mkoani

Assalaam alaykum warahmatullah. Nitagusa la dini tu, kwa sababu najua litaulizwa mtakapoanza kupita.

Zaka msiiombe kwa jambo hili. Wanaopewa zaka ni makundi manane, wametajwa katika Suratut Tawba aya ya 60, na mwanamichezo anayekwenda mashindanoni hamo. Mtu akikupa akasema hii ni zaka yangu, mrudishie au umwelekeze kwa fakiri. Huyo kijana jirani yako, kama ni masikini, anastahiki. Sadaka na hiba ni mlango mwengine, mtu anatoa katika mali yake kwa jambo la halali analolipenda. Muhimu kusudio lisemwe wazi tangu mwanzo, na kitakachobaki kiulizwe wenyewe wakitaka kifanywe nini.

Ama waliosema umeuza: kuuza kiungo ni haramu, na umesema wewe ulitoa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah Februari 1988 lilijuzisha mtu aliye hai kumpa mwengine kiungo, kwa masharti yakiwemo kuwa maisha ya mtoaji yasiharibike na kwamba isiwe biashara. Figo mtu anaishi na moja. Ukitaka, mualike imamu wenu aliseme msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kwa sababu maneno ya mtaani hayakomi kwa wewe kujitetea peke yako.

FundiCherahani_Wete

Ahsanteni sana. Nimekaa na majibu yenu usiku mzima.

Ndugu yangu wa Chake, sikukuchukia hata kidogo. Ulilolisema ndilo analolisema mama, na nililisema mwenyewe moyoni kabla ya kuandika hapa. Nami nimeona vitanda vile. Lakini hebu niangalie kwa upande huu. Mgonjwa anayesafishwa damu akichangiwa mwezi, mwezi unaofuata anahitaji tena, na ni haki yake apewe. Anachohitaji zaidi ni ndugu mmoja aseme, nipimeni mimi. Neno hilo halinunuliwi kwa mchango. Mie nilipata ujasiri wa kulisema kwa sababu kule Unguja, kwenye foleni ya kliniki, nilikutana na mama wa makamo aliyempa mwanawe figo, amebeba kapu la ndizi kichwani, ananicheka kwa woga wangu. Kama si yeye, sijui. Tangu Novemba 2017, ilipofanywa Muhimbili kwa mara ya kwanza, upandikizaji wa figo upo hapa hapa nchini, si lazima India tena. Watoaji wetu ni ndugu walio hai. Asipojitokeza ndugu, madaktari na vyumba vya upasuaji havina la kumfanyia mgonjwa.

Hata hivyo umenifanya nibadilishe kitu. Nilikuwa nafikiria kupita na bahasha. Sasa nafikiria siku moja tufanye matembezi na mbio, Wete mpaka Gando, anayetaka kukimbia akimbie na kaka, anayetaka kutembea atembee na mie. Kabla ya kuondoka kila mtu apimwe presha na sukari, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyoongoza kuharibu figo, na kaka yangu hakuwahi kufungwa kile kitambaa mkononi mpaka alipovimba. Atakayetoa shilingi atoe, asiyekuwa nayo atakuwa amejua presha yake. Nikae mie na kaka, tusimame mbele za watu, tuulizwe chochote, pamoja na hilo la kuuza.

Ustadh, la zaka nimelifahamu na nitaliandika juu kabisa ya daftari jipya. Imamu wetu nitamwendea kupitia kwa baba yangu mdogo.

FigoYaMama, habibty, kukimbia kwangu ni kukimbizana na wateja. Kutembea naweza, tena kwa kasi. Lakini tiketi mbili siombi. Kama itapatikana moja, ni yake.

MpembaWaNje

Mimi nipo Uingereza, wa asili ya Konde. Viza ya Ubelgiji ni ya Shengeni, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada yake sasa ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari lazima igharamie matibabu yasiyopungua euro 30,000, na hapo muwe na macho: bima nyingi za bei nafuu hazilipi kwa maradhi uliyokuwa nayo kabla, kwa hiyo ulizeni kwa maandishi kama figo ya kupandikizwa imo. Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Msingoje mwisho. Alama za vidole atazitoa mwenyewe, kwa hiyo wekeni safari ya Dar kwenye hesabu. Wanataka kuona pesa benki, duka lake, mke na watoto kama anao, yaani kila kinachoonesha kwamba atarudi. Barua ya mwaliko ya waandaaji inasaidia sana.

Kabla ya yote hayo aliandikie shirikisho la mashindano sasa hivi, aulize mwanamichezo kutoka Tanzania anaandikishwa kupitia nani na fomu ya daktari inataka nini. Kwa kawaida wanataka awe amepita angalau mwaka mmoja tangu kupandikizwa na hali yake imetulia. Hilo likikubaliwa kwa maandishi ndiyo muanze kuchangisha. Msichukue pesa ya mtu kabla.

Sisi wa huku tuna kikundi chetu, tunachangia misiba na visima. Niletee ile barua ya ukurasa mmoja nitaisoma kwenye kikao. Na mimi si mwenye neno kubwa, lakini nitasema tiketi ziwe mbili. Mwenye figo asibaki nyumbani.

Mkaazi_Chake

Nimesoma. Bado naona wagonjwa kwanza, sijatoka hapo. Lakini hili la kupima watu presha njiani nimelikubali mia kwa mia. Mke wangu ni muuguzi, nimemuonesha, amesema atakuja na wenzake wawili na mashine zao, msiwalipe. Mimi nitatembea na wewe, sikimbii. Na mlete ndugu wa yule kijana, hata kwa kuwabembeleza.

FundiCherahani_Wete

Mwambie shemeji nimempokea kwa mikono miwili. Tarehe nataka iwe karafuu zikishaanza kuuzwa, watu wana kitu mkononi na hawana haraka ya kwenda shamba. Kesho tunakwenda Mtambwe kwa bibi, kwa taarifa tu kama nilivyoshauriwa. Barua ya shirikisho kaka anaiandika usiku huu, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Anayejua mtu wa Wete mwenye spika za kuazima, na gari ya kutembea nyuma ya watu isije ikatokea ajali kwenye kona, aniandikie faragha.